Hondohondo Nyuma ya Kioo

Sadala alimuua mama yake kwa mdomo, gulioni Korogwe, ili apunguziwe bei ya fremu ya picha. Mama mwenyewe alikuwa hai, Kabuku, anapepeta mahindi uani. Sadala alijua hivyo wakati anasema. Jana yake tu alikuwa amekula kwake.

Ilikuwa enzi za ruksa. Sabuni haikuwa tena ya foleni, mitumba ilimwagwa chini kwenye maturubai, na kila aliyekuwa na kitu alikitoa nje akauze. Gulio la Korogwe lilinuka vitunguu, samaki wa kukaanga na nguo zilizokaa muda mrefu kwenye maroba. Sadala alipita katikati ya watu akiwa amevaa koti la mtumba lenye mikono mifupi kuliko yake. Hakuwa na haraka. Macho yake yalikuwa yakizunguka chini, kwenye vyombo kuukuu.

Mwanamke mmoja alikuwa amekaa juu ya kigoda, kanga ya rangi ya machungwa mabichi kichwani, nyingine mabegani. Uso mwembamba, nyusi nzito, mikono ya mtu aliyezoea kufua. Mbele yake kulikuwa na beseni, taa ya kandili, sufuria tatu na fremu ya picha iliyolazwa chali. Ndani ya fremu hapakuwa na picha ya mtu. Palikuwa na kadi ndogo tu, imechomekwa pembeni nyuma ya kioo, kadi ya ukubwa wa kiberiti, na juu yake ndege mweusi mwenye mdomo mkubwa.

Sadala alimwona yule ndege. Akageuza macho upande mwingine.

"Beseni hili shilingi ngapi, dada?"

"Salamu kwanza, kaka."

"Habari za asubuhi. Nimetoka Handeni, nimechoka."

"Nzuri. Elfu moja na mia mbili."

"Lina kutu."

"Na wewe una grisi shingoni, mbona hatujakupunguza bei?"

Pembeni yake mama mmoja wa Kimaasai, shanga zimemjaa kifuani, aliyekuwa akiuza ugoro na magome ya dawa, alicheka mpaka akashika mbavu. Huyo aliitwa Nasinkoi. Sadala hakucheka. Aliuliza taa. Aliuliza sufuria. Mwisho, kama mtu aliyekwisha kukata tamaa, akaisukuma fremu kwa ncha ya kiatu.

"Na kioo hiki?"

"Fremu hiyo. Mia nane."

"Kina ufa."

"Uko pembeni, haufiki katikati."

"Mia tano."

"Mia nane, kaka. Ilikuwa ya mama yangu. Amefariki kabla ya vuli. Tumegawana vyombo, hivi ndivyo vyangu."

Mtu mwingine angelipa mia nane hapo hapo. Sadala alikuwa ameshazoea kutafuta mahali bei inapolegea, na alipaona.

"Pole sana," akasema. "Mimi nilitaka nimwekee picha marehemu mama yangu. Sina pa kuitundika."

Maneno yalitoka yenyewe, laini, kama boliti iliyotiwa mafuta. Yule mwanamke aliinua uso, akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Na wewe umefiwa na mama?"

"Ndiyo."

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Hamisa. Hamisa binti Rajabu."

"Mimi naitwa Amne. Chukua kwa mia tano. Mungu amrehemu."

"Amina," Sadala akajibu.

"Ngoja nikutolee hicho kikaratasi."

"Kiache tu. Nitakitoa mwenyewe."

Akaweka fremu kwapani, akaondoka. Hakujisikia vibaya. Hakujisikia chochote.

Zamani, kabla ya Azimio la Arusha, kila pakiti ya Chai ya Mnara ilikuwa na picha moja ndani. Wanyama na ndege wa nchi, jumla yao hamsini, namba nyuma na mistari miwili mitatu ya maelezo. Watoto walibadilishana: fisi wawili kwa simba mmoja, na twiga hakutoka mkononi mwa mtu ila kwa ngumi. Baba yake Sadala alikuwa mkata mkonge. Alinunua pakiti moja kila mwisho wa mwezi, na nyumba ilikuwa na watoto wanne. Sadala alikuwa wa mwisho. Alichopata yeye ni nyumbu, na mwezi wa pili nyumbu tena. Kisha chai ile ikaacha kutolewa, na yeye akaacha shule darasa la nne. Watu wakimuuliza kwa nini mtu mzima wa miaka thelathini na sita anahangaika na picha za chai, alisema anazipenda. Hakuwa na maelezo mengine. Aliwahi kuoa, mke akaondoka, na hilo nalo hakuwa na maelezo yake.

Alikuwa fundi wa mashine za kusaga. Siku hizo kila mwenye vijisenti Handeni alifunga mashine yake, na nyingi zilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza. Sadala alizunguka vijijini na sanduku la spana. Injini ikishafunguliwa huachwa ipoe, na wakati inapoa fundi huletewa chai ndani. Hapo ndipo alipotazama kuta. Kadi kuukuu hazikai madukani. Zimebandikwa ukutani kwa uji, zimo ndani ya kopo la sindano, zimewekwa chini ya kisigino cha kiatu kilichochakaa. Kuna mnunuzi wa Arusha aliyeanza kupita na gari, akinunua zile safi kwa bei ya mbuzi ili akawauzie watalii. Sadala hakushindana naye. Alichukua zilizoachwa: zilizopasuka pembe, zilizopata chai, zilizogandia ukutani. Hizo alizilegeza kwa mvuke wa birika, akazibandua kwa wembe, akazikausha chini ya godoro.

Alikuwa na masharti mawili. Usilipe zaidi ya bei ya kilo ya sukari. Na usiulizie kamwe kitu unachokitaka. Ulizia kilicho jirani yake.

Jioni hiyo, chumbani kwake Chanika, Handeni, alitoa kadi nyuma ya kioo. Hondohondo. Nyuma yake imeandikwa kwamba dume humziba jike ndani ya shimo la mti kwa udongo, akabaki akimlisha kupitia ufa mdogo mpaka makinda yakue. Akamweka mahali pake. Hamsini. Alikuwa amengoja siku hiyo miaka mingi, akadhani ataruka. Akakaa kitandani. Furaha ilikuja kidogo, kama chai ya majani yaliyokwisha kuchemshwa mara mbili, ikaondoka. Fremu akaisukumia uvunguni, kwenye makopo ya grisi.

Hakuwa tena na sababu ya kwenda Korogwe. Juma lililofuata akapanda gari, akaenda.

"Mtu wa Handeni!" Nasinkoi alimwona kabla hajafika. "Umerudia beseni lenye kutu?"

"Naulizia tu."

"Elfu moja na mia mbili," Amne akasema, akitabasamu chini chini. Leo alikuwa na gauni la bluu la mtumba, mabega yamepanda juu kama ya askari wa gwaride, na wanja machoni. "Kutu imeongezeka, lakini bei haijashuka."

"Nitafikiria."

"Fikiria umekaa. Kuna kigoda."

Akakaa. Hakumtazama. Alitazama beseni. Nasinkoi akainama kwa Amne, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya kunong'ona hata kidogo:

"Kwetu, ng'ombe unayemtaka humtazami. Unatazama pembeni, unaulizia mbuzi. Ukimtazama, mwenyewe anapandisha bei. Sasa huyu tangu amefika hajakutazama hata mara moja. Jijue."

"Mama Nasinkoi, niache!"

"Nimekuacha. Mimi nauza ugoro."

Sadala akaulizia sufuria. Masikio yalimpata moto, akadhani ni jua.

Akawa anakwenda kila gulio. Siku moja Amne akamuuliza, "Picha ya mama umeshaitundika?"

"Bado. Nataka kioo kikatwe upya."

"Mimi namwombea, ujue. Kila Alhamisi jioni nikimsomea mama Yasini, namtaja na wako. Hamisa binti Rajabu. Kaburi lake liko wapi?"

"Kabuku," Sadala akasema. Hilo neno pekee lilikuwa na ukweli kidogo, maana mama yake kweli alikuwako Kabuku.

Hapo ndipo angesema. Palikuwa na nafasi ya kutosha. Amne alikuwa anachambua dagaa, hana haraka, na jua lilikuwa limepoa. Lakini ili aseme habari ya mama ilibidi aseme habari ya fremu, na ili aseme habari ya fremu ilibidi aseme alikuwa anataka nini. Akaulizia bei ya taa.

Gulio likivunjika, walitembea mpaka Korogwe ya Zamani, wakasimama juu ya daraja kuyatazama maji ya Pangani, mekundu wakati wa mvua, na kurudi wakila mahindi ya kuchoma. Amne alisema sana. Sadala alibeba beseni. Kila mara aliambiwa kwamba akilibeba mpaka Masuguru, alikoishi Amne kwa baba yake mkubwa, Mzee Sabiri, atapunguziwa mia mbili.

"Wewe mwanamume," Amne alimwambia siku moja, "hujawahi kuniambia hata kwamba nimependeza."

"Gauni zuri."

"Gauni! Mimi je?"

"Limekukaa."

"Haya. Nimechukua hilo hilo. Wewe ukitaka maji utaulizia chumvi."

Wakacheka. Yeye Sadala alicheka baada ya kidogo, kama injini ya asubuhi.

Akawa anampigia simu. Alikwenda posta Handeni, akaingia kibandani, opereta akamuunganisha na nyumba moja ya wageni ya Masuguru, na mwenye nyumba akatuma mtu kumwita Amne. Kusubiri nako kulilipiwa.

"Haloo?"

"Mimi."

"Mimi ni wengi hapa mjini."

"Sadala."

"Sadala yupi, wa beseni?"

"Huyo huyo."

"Sema, laazizi wangu wa kutu."

"Umekula?"

"Umelipa simu ya Handeni kuniuliza kama nimekula?"

"Ndiyo."

"Nimekula. Sasa sema ulichopigia."

"Si unajua."

"Sijui. Nataka nisikie."

"Amne, opereta anasikia."

"Kaka," ikaingia sauti ya tatu, ya mwanamke mtu mzima, "sema upesi, una dakika moja."

Amne alicheka mpaka simu ikakwaruza. Sadala akafuta jasho kwa mkono wa koti.

"Basi nitatuma watu," akasema.

"Watu wa nini?"

"Waje kwenu."

Sauti ya Amne ikawa ndogo. "Kuulizia beseni?"

"Amne."

"Waje, mpenzi. Waje tu. Namwambia baba mkubwa leo leo."

"Hongera, kaka," opereta akasema, akakata.

Siku hiyo Sadala alikuwa amekusudia aseme na habari ya mama. Dakika zilikwisha.

Mwenye posa haendi mwenyewe kwa wakwe. Anatuma mshenga. Sadala alimtuma Mbaruku, binamu yake, muuza nyama wa Handeni, mtu mwenye kanzu nzuri na ulimi mzuri kuliko kanzu. Akaenda na mzee mmoja wa msikitini na kuku wawili. Sadala alibaki kwenye mgahawa karibu na stendi ya Korogwe, mbele ya chai iliyopoa, akitazama mabasi ya Arusha yakizungukwa na wauza machungwa.

Mbaruku alirudi akiwa ameshika kofia mkononi. Kitambaa cheupe kilichofungiwa barua ya posa kilikuwa bado kimefungwa.

"Wamekataa?" Sadala akauliza.

"Mzee Sabiri hakukataa. Mtoto mwenyewe amekataa."

"Ilikuwaje?"

"Ilikwenda vizuri! Tumekaa mkekani, tumekunywa kahawa, nikawachekesha. Mzee akauliza kijana ni wa nani. Nikamwambia baba yake tulishamzika, lakini mama yake mzazi, Bi Hamisa binti Rajabu, yuko Kabuku, mzima wa afya, na kuku hawa ni salamu zake."

"Ukasema hivyo."

"Nisiseme? Mama yu hai, radhi zipo, si ndiyo sifa yenyewe? Mara pazia likafunguka. Ametoka binti, kichwa wazi, hata kanga hakujifunika. Akaniuliza, 'Hamisa binti Rajabu yupi?' Nikamwambia ninayemjua ni mmoja. Akasema, 'Huyo mimi namsomea Yasini tangu mwaka jana.' Yule mzee wetu akacheka, akadhani ni utani. Binti hakucheka. Akachukua barua, akaniwekea mkononi, akasema niwaambie watu wa Handeni kioo kina ufa. Mimi sijaelewa."

Sadala akaisogeza pembeni chai iliyopoa.

"Kuku wamebaki," Mbaruku akaongeza. "Walikuwa wameshafika jikoni. Sikuwa na uso wa kuwadai." Akamsogelea. "Sadala, ndugu yangu. Ulimuua Bi Hamisa?"

"Nilitaka nipunguziwe."

"Upunguziwe nini?"

"Fremu."

Mbaruku akavaa kofia yake. Akaivua tena. Sadala akalipa chai ya wote wawili, wakapanda gari la Handeni. Maumivu aliyatazamia. Hayakuja. Kifuani palikuwa kama mahali jino lilipong'olewa na sindano bado haijaisha nguvu.

Akarudi kwenye injini zake. Alifungua, akasafisha, akafunga. Aliletewa chai, akanywa akitazama kikombe. Kwenye nyumba moja ya Kwamsisi palikuwa na twiga safi kabisa ukutani, na mwenyewe hakujua thamani yake. Sadala alimwona, akamaliza chai, akaondoka.

Alikwenda posta, akapiga simu. Opereta aliunganisha, akasikiliza, akarudi kwake.

"Kaka, wanasema hayupo."

"Ahsante."

"Lakini nimesikia sauti yake nyuma. Anauliza ni nani. Alipoambiwa, ndipo hayupo."

"Ahsante, mama."

"Ulifanya nini wewe?"

Akaweka simu.

Msimu mzima wa kilimo ukapita hivyo. Mwisho akaenda Kabuku. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kivuli cha nyumba, ungo mapajani, anachagua kunde. Malori ya Chalinze yalipita barabarani na vumbi likaingia mpaka uani. Sadala akamsalimu, akakaa chini, akamweleza yote. Hakupamba.

Bi Hamisa aliendelea kuchagua.

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Hakuuliza."

"Nikazikwa wapi?"

"Hapa."

"Angalau hukunipeleka mbali." Akatupa jiwe moja nje ya ungo. "Ulipunguziwa ngapi?"

"Mia tatu."

"Mia tatu." Akakaa nayo kidogo. "Nusu kilo ya nyama sipati humo. Huyo binti, Yasini anaisoma yote au anarukaruka?"

"Yote."

"Wewe hujanisomea hata Kulhu moja nikiwa na homa. Nitolee baibui langu sandukuni. Nataka kumwona mtu anayenikumbuka."

"Mama, atatufukuza."

"Atakufukuza wewe. Mimi kosa langu nini? Kupumua?"

Siku ya gulio walishuka Korogwe. Bi Hamisa alikuwa amevaa baibui jeusi linalong'aa viwiko, kanga mpya juu yake, na ndala alizoziazima kwa jirani. Alikataa kushikwa mkono. Sadala alibaki nyuma, kwenye meza ya muuza vitunguu, fremu kwapani.

"Hodi hapa," Bi Hamisa akasema.

"Karibu, mama. Shikamoo." Amne alikuwa amekonda. Kanga ya machungwa ilikuwa imefifia, au ni yeye.

"Marahaba. Mimi ndiye marehemu."

Nasinkoi alikuwa anapima ugoro. Ulimwagika wote juu ya shuka lake.

Amne alimtazama yule bibi usoni, kisha mikononi, kisha miguuni, kama mtu anayehakikisha kwamba viungo vyote vipo.

"Sikuja kumwombea msamaha," Bi Hamisa akaendelea, akijivutia kigoda. "Mdomo anao, anaujua kuutumia vibaya. Nimekuja kukushukuru kwa dua. Sijui kama zilifika, maana anwani ilikosewa. Lakini mgongo tangu mwaka jana umepunguza kuuma."

Amne aliuma mdomo. Akashika pindo la kanga, akajifunika uso, na mabega yakaanza kutikisika. Bi Hamisa hakuweza kujua kama ni kicheko au kilio, akampigapiga mgongoni kwa vyote viwili.

"Mwite," Amne akasema alipofunua uso. "Najua yupo. Nimeona koti."

Sadala akaja. Akasimama.

"Fremu uliitaka ya nini?"

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kadi ndani ya karatasi ya nailoni. "Niliitaka hii."

"Kindege?"

"Hondohondo. Wako hamsini. Nilikuwa nimekosa huyo tu."

"Hicho kilitoka kwenye pakiti ya chai nikiwa sijaanza kutembea. Mama alikichomeka pale kufunika ufa." Akakitazama bila kukigusa. "Ungeniomba, ningekupa bure."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungeomba."

Ilikuwa kweli.

"Mimi nimelia kwa ajili ya mama yako," Amne akasema. "Unanielewa? Machozi yenyewe ya kulia mama yangu yalikuwa hayajatosha, nikayagawa. Na kila gulio unakuja, unakaa hapo, unaulizia beseni. Hata mimi ulikuwa unanitafutia bei. Sema unachotaka. Hapa hapa, watu wakisikia. Na usitaje chombo chochote."

Muuza vitunguu aliacha kupanga vitunguu. Watu wawili waliokuwa wakipita wakapunguza mwendo.

"Mtazame ng'ombe, mtu wa Handeni," Nasinkoi akasema taratibu. "Leo mtazame."

Sadala akainua macho. Ilikuwa kazi. Alimwona Amne mwenyewe, nyusi nzito, kovu dogo kidevuni ambalo muda wote huo hakuwa amelijua.

"Nakutaka wewe," akasema, kwa sauti ile ile ambayo angetajia ukubwa wa mkanda wa mashine. "Nataka nikuoe. Nakuwaza nikiwa kazini mpaka nasahau boliti ndani ya injini. Beseni sikulitaka hata siku moja."

"Kwani beseni lenyewe bei gani?" muuza vitunguu akauliza.

"Nyamaza wewe!" wakamwambia Nasinkoi na Bi Hamisa kwa pamoja.

Amne alivuta pumzi. "Nimesikia. Jibu bado. Hiyo fremu ulisema unamwekea mama yako picha. Basi mwekee. Mama ndiye huyu, na mpiga picha yuko pale mbele ya stendi. Ukimaliza, tuma watu wako tena. Na baba mkubwa akitaja mahari, huyo muuza nyama wako asije akatafuta ufa."

Bi Hamisa alipigwa picha mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, amekaa wima, mikono magotini.

"Sasa mnanitengenezea ya ukutani kabisa," akalalamika. "Nikija kufa kweli, msihangaike kutangaza. Nani ataamini?"

Mbaruku akaenda mara ya pili. Mzee Sabiri, ambaye hakuwa amesahau, alitaja mahari mara mbili ya ile aliyokuwa ameikusudia mwanzo. Mbaruku alifungua mdomo kwa mazoea, akaufunga, akasema tumekubali. Baadaye alisimulia kwamba jasho lilimtoka kama amebeba paja la ng'ombe.

Fedha hizo Sadala hakuwa nazo. Akapeleka habari kwa yule mnunuzi wa Arusha. Mnunuzi akaja na gari lake mpaka Chanika, akakaribishwa, akaketi, na kwanza kabisa akaulizia bei ya saa ya ukutani. Sadala aliitazama saa, iliyosimama tangu masika, akamtazama yule mtu. Alijua kila hatua inayofuata. Akamwachia azipitie zote: saa, redio, kigoda, na mwisho, kwa ncha ya kidole, rundo la kadi. Nyingi zina chai, mnunuzi akasema. Na hazijatimia hamsini, kuna ndege anakosekana, kwa hiyo bei itakuwa ya chini.

"Chukua," Sadala akasema.

Hondohondo hakuuzwa. Alirudishwa pembeni ya kioo, juu ya ufa, chini ya kiwiko cha Bi Hamisa pichani. Walifunga ndoa baada ya mavuno. Amne alivaa gauni jeupe la kuazima na hina mpaka kwenye viwiko, na alipoulizwa kama ameridhia, alinyamaza muda mrefu kuliko desturi, kisha akasema ndiyo, kwa sauti ambayo hata waliokuwa uani waliisikia.

Kwa hiyo hesabu ndiyo hii. Sadala alipunguziwa shilingi mia tatu. Mia tatu hiyo ilimgharimu kadi arobaini na tisa alizozitafuta tangu utoto, kwa nusu ya thamani yake. Ilimgharimu mahari mara mbili. Ilimgharimu kuku wawili wa posa ya kwanza na wawili wa posa ya pili. Ilimgharimu nauli ya mama kutoka Kabuku, na fedha ya mpiga picha. Ilimgharimu msimu mzima wa kilimo, ambao Amne hakumsemesha. Na ilimgharimu neno lake. Mpaka leo, Sadala akiwa mlangoni akasema mvua inanyesha, Amne huacha alichoshika, hutoka nje kwanza, akatazama.